Macho Mawili Juu ya Ukuta wa Mbulu

Barabara ya kutoka Dareda kwenda Dongobesh inaukwea ukuta wa Bonde la Ufa kona baada ya kona, mpaka baridi ya Mbulu ikupokee kwenye mashamba ya vitunguu saumu. Ukifika juu, geuka utazame kusini. Mlima Hanang, wenye mita zipatazo 3,420, umesimama peke yake juu ya tambarare. Kwangu mimi, hakuna mahali bora zaidi pa kutambua kazi ya macho mawili.

Chagua tawi lililo karibu nawe, ulilinganishe na kilele. Funga jicho la kushoto, kisha lifungue ufunge la kulia. Tawi litaruka, mlima utatulia. Macho yetu yameachana sentimita 6 hivi tu, lakini nafasi hiyo inatosha kuyapa picha mbili zinazotofautiana. Nyuzi za neva za kila jicho hugawanyika chini ya ubongo: mambo ya upande wa kushoto wa mandhari huenda ubongo wa kulia, na ya kulia huenda wa kushoto. Hata hapo habari za kila jicho bado husafiri kwenye tabaka zake. Zinakutana kisogoni, katika gamba la ubongo, ambako seli moja husikiliza macho yote mawili. David Hubel na Torsten Wiesel walizichunguza seli za namna hiyo kwa paka, na mwaka 1981 wakatunukiwa Nobel. Tofauti ndogo kati ya picha hizo mbili ndiyo inayotupa kina.

Mama wa Kibarabaig anayeshona shanga kwenye vazi la ngozi hukitegemea kina hicho kila sindano inapopita. Ndiyo maana makengeza ya mtoto yasisubiriwe yaishe yenyewe: ubongo unaoletewa picha zisizopatana huanza kulipuuza jicho moja, na matibabu hufaa zaidi utotoni.

Hanang ni mbali mno kwa kipimo hicho cha macho mawili. Picha zake mbili karibu zinafanana kabisa, hivyo ubongo hushika ushahidi mwingine: ubuluu wa hewa, kilima kinachofunika kingine, ukubwa wa vitu tunavyovijua. Kwenye Ziwa Balangida, kiangazi kinapoacha chumvi nyeupe tupu, hata ushahidi huo hupungua. Ng'ombe wakipita kule ng'ambo, ni vigumu kukisia kama wako umbali wa nusu saa au saa nzima. Uzuri wa weupe ule unanishika kila ninapoukumbuka.

Ukisafiri, mwendo nao hupima. Katika basi la Babati kwenda Katesh, mahindi ya kandokando yanakimbilia nyuma, nyumba zinafuata taratibu, na Hanang unakwenda pamoja nawe. Omba kiti cha dirishani, upande wa kulia.