Tumwondoe kocha, ao tujiulize kwanza?

Juma hili hatuandiki juu ya bei ya unga wala juu ya likelemba. Tunaandika juu ya mpira. Msicheke. Tuko wamama kumi na mmoja katika shirika letu wenye kusomesha watoto kwenye koleji moja hapa Lubumbashi, na jambo la mpira lilitunyima usingizi majuma mawili mazima.

Timu ya koleji ilicheza michezo mitano tangu masomo yalipofunguliwa mwezi wa tisa. Ilishindwa mara nne, ikatoka sare mara moja. Mchezo wa tano tulipigwa 6-0, tena kwenye uwanja wetu wenyewe. Jumatatu iliyofuata watoto wakaleta barua ya komite ya wazazi: kikao siku ya Jumamosi, jambo moja tu, kumwondoa kocha na kutafuta mwingine. Kila mzazi ajitayarishe kusema ndiyo ao hapana.

Siku ya Alhamisi tulikutana nyumbani kwa mwenzetu anayeuza makala, ili tusiende Jumamosi kila mtu na mdomo wake. Wa kwanza kusema alikuwa mama wa golikipa. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba siku ile ya 6-0 kocha alimwambia kijana wake mbele ya wenzake wote: "Wewe ni kapu lililotoboka." Siku ya pili kesho yake masomo yote yalikuwa yakimwita Kapu. Kijana ana miaka 15. Siku tatu alikataa kwenda masomoni, akidai tumbo linamuuma, na usiku mama yake alimsikia analia chini ya shuka. "Mimi sijui mpira," akatuambia. "Lakini mtu huyo aende."

Tulinyamaza. Kati yetu hapakuwa mzazi asiyemwelewa.

Kisha akasema dada yetu mkubwa, yule ambaye mwaka wa 1974 alikuwa msichana mdogo akisikiliza redio kando ya baba yake. Alitukumbusha kwamba mwaka ule, mwezi wa tatu, timu yetu ya Zaire ilitwaa Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba peke yake akafunga magoli 9. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia. Mwezi wa sita, kocha yuleyule na wachezaji karibu walewale walienda Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi. Wakashindwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazili 3-0. "Je, katika miezi mitatu kocha alikuwa amesahau kazi?" dada akauliza. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba feza walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba waliingia kucheza na Yugoslavia wakiwa wamevunjika moyo.

Akaongeza jambo moja, akimtazama mama wa golikipa. Katika mchezo ule wa 9-0, magoli matatu yalipokwisha kuingia, kocha alimtoa golikipa Kazadi akamweka Tubilandu. Yaliingia mengine sita. "Walibadilisha mtu wa mlangoni," akasema, "lakini mvua ilikuwa inapita kwenye bati."

Hapo mama mmoja kijana, anayefuata mpira kuliko bwana wake, akakataa. Alisema kubadilisha kunafaa, na tusijidanganye. Mwezi wa kwanza wa 2024, Ivory Coast walipigwa 4-0 na Ginea ya Ikweta kule Abidjan, nyumbani kwao, katikati ya Kombe la Afrika. Walimwondoa kocha wao Mfaransa, Jean-Louis Gasset, wakamkabizi timu msaidizi wake, Emerse Faé. Timu ileile iliyokuwa ikizomewa ikatwaa kombe, na njiani ikatutoa sisi Wakongomani 1-0 katika nusu fainali. Na Leopards wetu je? Mwezi wa sita wa 2022 walikuwa chini ya Héctor Cúper, Mwargentina. Walishindwa na Gabon, kisha na Sudan, wakabaki bila hata pointi moja. Akaondolewa, akaja Sébastien Desabre, na mwaka wa 2023 tukamaliza wa kwanza katika kundi lile lile. Kule Ivory Coast tukafika nafasi ya nne.

"Lakini Desabre alianza mashindano yale kwa sare tatu," dada mkubwa akajibu. "Zambia sare, Moroko sare, Tanzania sare. Kama tungemfukuza pale, nani angewatoa Wamisri kwa penalti?"

Wamama, tuliona kwamba mpira wenyewe hautoi jibu moja. Kuna kocha aliyeondolewa na timu ikapona, na kuna kocha asiyekuwa na kosa ambaye angeondolewa bure. Tukakubaliana kwamba kabla ya kusema ndiyo ao hapana, twende kuona kwa macho yetu.

Ijumaa saa saba na nusu tulienda wanne kwenye mazoezi. Mnajua jua la Lubumbashi kabla ya mvua kukamata vizuri. Kulikuwa vijana ishirini na wawili na mipira miwili, mmoja umelegea kama embe lililooza. Nusu ya saa haijapita, vijana watano walikuwa wamekaa chini ya mti. Tulidhani ni uvivu. Tukawauliza: tangu asubuhi mmekula nini? Wawili walikuwa wamekunywa chai kavu. Watatu hawakutia kitu kinywani tangu bukari ya jana jioni. Mmoja wa hao watatu ni mtoto wa mmoja wetu sisi wanne, na mama yake akageuka akatazama pembeni.

Kocha alitupokea kwa heshima, lakini alikuwa na haya. Tulimwuliza kuhusu malipo yake. Akasema, "Wamama wangu, mambo hayo muulize ofisini." Tukaenda ofisini. Kila mzazi anatakiwa kutoa feza ya michezo kila muhula. Kwa hiyo inanunuliwa mipira, inalipwa gari la kupeleka timu, na kocha anapata kitu kidogo juu ya mshahara wake wa ualimu. Karani akafungua daftari. Katika sisi kumi na mmoja, wanne tu walikuwa wamelipa. Kocha hakuwa amepokea hata franka moja tangu mwezi wa tisa.

Hatukurudi nyumbani tukiongea. Tuliona kwamba kumwondoa mtu huyu ni rahisi kwetu kuliko kulipa tunachodaiwa. Kocha mpya angekuta mipira ile miwili, jua lile na matumbo yale yaliyo wazi. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima.

Lakini hatukutaka umaskini wa timu uwe nguo ya kufunika neno lililomwumiza mtoto. Njaa haimlazimishi mtu mzima kumtukana kijana wa watu. Basi usiku ule tulitenganisha mambo mawili. Kupoteza michezo ni jambo moja, na tukilipima kwa haki, sehemu kubwa ya lawama ni yetu. Kuvunja roho ya mtoto ni jambo lingine. Hilo halingoji mwisho wa muhula, na hata kama timu ingekuwa inashinda kila juma tungelisimamia.

Jumamosi tulisema hivyo mbele ya wote. Baba mmoja alituzomea: wamama wanajua nini juu ya mpira? Tukamjibu kwamba tunajua nani amelipa na nani hajalipa, na daftari liko ofisini. Akakaa. Prefe akamwita kocha aseme. Hakujitetea kwa feza wala kwa mipira. Alisema neno lile la kapu alilitoa kwa hasira, kwamba yeye pia ni baba, na kwamba hakujua kijana alikuwa anakosa masomo. Akaomba msamaha. Mama wa golikipa akasimama. "Usiniombe mimi. Ulimtukana mbele ya wenzake, umwombe mbele ya wenzake."

Tulipiga kura. Wengi walikubali kocha abaki mpaka mwisho wa mwaka wa masomo, kwa masharti matatu: amwombe kijana msamaha mbele ya timu nzima, asimtukane tena mchezaji yeyote, na akirudia anaondoka siku hiyo hiyo bila kikao, wazazi nao wamalize deni la feza ya michezo kabla ya Noeli. Mama wa golikipa alipiga kura ya kumwondoa. Hatukumlaumu, na hatutaki mtu yeyote amlaumu.

Jumatatu kocha aliomba msamaha. Tangu siku hiyo tunapeana zamu: siku za mazoezi mama wawili wanapeleka uji na karanga kabla vijana hawajaanza kukimbia. Wanane kati yetu wamekwisha kulipa. Watatu wanalipa kidogo kidogo, na likelemba letu limewasaidia. Timu imecheza mara mbili tena. Ilishindwa 2-1, kisha ikatoka sare 1-1. Hatuwezi kuwaambia kwamba imepona. Golikipa amerudi masomoni, lakini langoni bado hajasimama. Amesema atarudi akijisikia, na kocha amekubali kumngoja. Mama yake hajaja kutazama mchezo. Sisi tunamwachia kiti.

Sisi hatujui kama tulichagua vizuri. Tukikosea, mwisho wa mwaka tutasema tumekosea. Lakini katika makundi yenu, wamama, siku moja mtaombwa kumwondoa mtu: mwalimu, mwenye kutunza sanduku, kiongozi wa kwaya. Kabla ya kunyoosha mkono, muulize mambo haya. Je, alipewa vyombo vya kufanyia kazi? Je, kuna mtu aliyemwambia kosa lake usoni? Atakayekuja ataponya ugonjwa wenyewe, ao atakuta bati ileile inavuja? Na lile la mwisho, mliulize kwanza kabla ya yote: kuna mtoto anayeumia wakati sisi tunaongea?