Skype na Simu ya Ng'ambo

Skype ilizimwa tarehe 5 Mei 2025, ikiwa imekaribia miaka 22. Vijana wengi hawakushtuka, na wapo waliouliza hiyo Skype ilikuwa kitu gani. Swali hilo linastahili jibu refu, kwa sababu programu hiyo ndiyo iliyobadilisha namna familia nyingi za Afrika Mashariki zilivyozungumza na watu wao walio mbali.

Kabla yake, kupiga simu ng'ambo lilikuwa jambo la kupangwa. Mpigaji alikwenda kwenye kibanda cha simu, akaingiza kadi, akazungumza huku macho yakiwa kwenye tarakimu zilizokuwa zikipungua. Aliyepiga kutoka London au Toronto naye alihesabu dakika. Basi mazungumzo yakawa na mpangilio wake: salamu zilifupishwa, mgonjwa akatajwa, ada ya shule ikaombwa, na kadi ikaisha kabla watu hawajaagana. Mambo madogo, kama mwembe uliokatwa uani au jirani aliyeoza binti, yalisubiri barua.

Skype ilitolewa kwa umma Agosti 2003. Waanzilishi wake walikuwa Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark. Kazi ya kuiandika ilifanyika Estonia, mikononi mwa Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn. Kundi hilohilo lilikuwa limeshatengeneza Kazaa, programu ya kubadilishana mafaili ya muziki, na ujuzi wa kazi ile likauhamishia kwenye sauti. Sauti ya msemaji ilikatwa vipande vidogo, ikasafirishwa kama data nyingine yoyote, kisha ikaungwa upande wa pili. Kompyuta za watumiaji zenyewe zilisaidiana kutafutana na kupitishiana mazungumzo, bila mtambo mmoja mkubwa katikati. Kwa hiyo simu ya kompyuta kwa kompyuta haikuwa na bei. Mtu alilipia intaneti tu.

Intaneti yenyewe ilipatikana kafe. Kafe moja ya Kariakoo inatosha kueleza nyingine nyingi za miaka hiyo: chumba chembamba cha ghorofa ya chini, kompyuta zimepangwa ukutani na kutenganishwa kwa mbao, feni inazungusha hewa ileile. Harufu yake haisahauliki: vumbi lililopata joto ndani ya mashine, plastiki, jasho, na chapati kutoka kwa mama ntilie wa barazani. Mwenye kafe aliketi mlangoni na daftari la mistari. Aliandika namba ya mashine na saa ya kuanza, na hakuna dakika iliyompita. Mteja aliyezidisha kidogo alisamehewa. Aliyezidisha sana alionyeshwa daftari.

Mwenye kafe huyo hakuipenda Skype mwanzoni, na alikuwa na sababu. Laini ya kilobiti 128 kwa sekunde, ikigawanywa kwa wateja kumi, ilimwachia kila mmoja kiasi kidogo mno, na faili la kusakinisha Skype, la megabaiti nane, lingeweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Mteja mmoja akianza kulipakua, wengine tisa walianza kulalamika kwamba barua pepe hazifunguki. Dawa aliyoipata ilikuwa kuliweka faili hilo kwenye CD, akalisakinisha mwenyewe katika mashine mbili za pembeni. Kafe nyingine zilikuwa na ulinzi uliorudisha kompyuta kwenye hali yake ya awali kila ilipozimwa, hivyo programu iliyowekwa leo haikuonekana kesho na kazi ikaanza upya.

Kusakinisha kwenyewe kulikuwa kwepesi. Mtu alichagua lugha, akakubali masharti, akabuni jina la kutumia na neno la siri. Jina ndilo lililochelewesha, maana majina ya kawaida yalikuwa yameshachukuliwa. Wengi wakaishia kuongeza mwaka wa kuzaliwa. Kisha ikaja kazi ya hedifoni. Nyaya zilikuwa mbili, ya kijani kwa masikio na ya waridi kwa maiki, na ikiwa zimebadilishana nafasi hakuna kilichosikika. Sifongo ya masikioni ilikuwa imechakaa, na maiki ilibidi isogezwe karibu kabisa na midomo.

Programu ilikuwa na simu ya majaribio. Sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza, ilimwomba mtu aseme neno baada ya mlio, kisha ikamrudishia maneno yake. Hapo ndipo wengi waliposhangaa kwa mara ya kwanza. Wapo waliotoa salamu kamili, wakangoja kuitikiwa, wakasikia "hujambo" yao wenyewe ikiwarudia. Mwenye kafe alisimama nyuma yao akiwafundisha: punguza sauti, usipulize maiki, mwambie mwenzio naye avae hedifoni asikupe mwangwi.

Halafu simu ya kweli ikapigwa. Laini ikiwa nzuri, sauti ilikuwa safi kuliko ya simu ya mezani, kwa kuwa Skype iliweza kubeba upana mkubwa zaidi wa sauti. Hata mlango uliofungwa kule ulisikika huku. Laini ikielemewa, maneno yalikatikakatika na kuwa kama ya roboti. Hata ilipokuwa nzuri, palikuwa na ucheleweshaji. Kafe nyingi zilitegemea setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Neno lilipanda na kushuka kwa takriban robo sekunde, na jibu likachukua robo nyingine. Watu waliingiliana, wakanyamaza pamoja, wakaanza tena pamoja, mpaka wakajizoesha kumwacha mwenzao amalize kwanza. Adabu hiyo ya kusikiliza ililetwa na ubovu wa laini, lakini ilikuwa adabu.

Video ilipoongezwa mwaka 2006, akina mama walifika kafe wamevaa kama wanaokwenda arusini. Mama alinyoosha kanga, akaikazia macho kamera ndogo iliyobanwa juu ya skrini, na mwanawe akatokea akiwa wa miraba, akiganda na kusogea. "Shikamoo mama" ikafika kabla midomo haijatikisika. Nusu saa ilipita na sehemu kubwa yake haikuwa na habari yoyote ya maana: nani kanenepa, kule kuna baridi kiasi gani, ukuta ule una rangi gani. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Mambo madogo yalipata nafasi.

Si wote waliofaidi sawasawa. Oman na Falme za Kiarabu zilizibana simu za intaneti kwa miaka mingi, na familia za Zanzibar zenye ndugu Muscat au Dubai zilibaki zikitegemea kadi na ujumbe wa maandishi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. eBay ilikuwa imeshainunua Skype mwaka 2005. Microsoft ikainunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5. Kebo ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na setilaiti ikaanza kusahaulika. Simu janja zikaingia mifukoni, WhatsApp ikaanza kupiga simu za sauti mwaka 2015 na za video mwaka uliofuata, na kafe zikageuka maduka ya kava za simu na vituo vya kubeti.

Urahisi huo ni neema, na haifai kuukana. Kinachoudhi ni matumizi yake. Simu ya mama huachwa ilie mpaka ikatike, kisha yeye huandikiwa "nipo bize". Ujumbe wake wa sauti husikilizwa kwa kasi maradufu, tena huku kidole kikipandisha picha za watu wengine. Kizazi kilichopanda daladala mbili ili kuketi mbele ya maiki yenye sifongo iliyochakaa hakikuwa na teknolojia bora, ila kilikuwa na subira, na kilijua kwamba anayepiga kutoka mbali anastahili kusikilizwa.

Skype imemaliza kazi yake, na aliye na simu hahitaji tena kafe wala daftari la mwenye kafe. Mwenye mzazi ng'ambo, au mtoto, na ampigie leo, aweke kando mengine yote, na amwache amalize kusema.