Mwanzo wa Reli

Katika jimbo la Virginia, huko Marekani, vibao vya chuma vinavyosimulia historia vimesimikwa kando ya barabara kuu tangu mwaka 1927. Msafiri hupunguza mwendo, husoma mistari michache juu ya vita, kanisa au nyumba alimozaliwa mtu mashuhuri, kisha huendelea kufaidi mandhari yake. Kwetu Uha barabara ni ndefu na mandhari si haba, ila vibao vilivyopo hutaja umbali, madaraja na kona kali. Historia huachiwa abiria mwenye umri. Likizo ya Juni iliyopita abiria huyo nilikuwa mimi.

Tulikuwa wanne garini: wajukuu wangu wawili waliozaliwa na kulelewa Dar es Salaam, mimi, na dereva ambaye zamani nilimfundisha kidato cha pili. Sasa ana mvi zake mwenyewe, lakini bado huniita Mwalimu na bado husita kuwasha redio mbele yangu. Niliwaahidi watoto safari ya siku tatu, kutoka Kibondo hadi Kasulu, na kutoka Kasulu hadi Ujiji na Kigoma. Mjukuu wangu wa kike, aliye kidato cha tatu, aliuliza bila ubaya, "Babu, huko kuna nini cha kuangalia? Shuleni wakijua natoka Kigoma hucheka, wanasema kwenu ni mwisho wa reli."

Msomaji anaujua msemo huo. Umeingia katika nyimbo, katika utani wa vijiweni na katika majina ya maduka. Wengi wetu tumeupokea kwa tabasamu, hata kwa fahari. Lakini neno "mwisho" lina mwelekeo ndani yake. Humwonyesha msemaji yuko wapi. Anayesema Kigoma ni mwisho wa reli amesimama Dar es Salaam, uso wake umeelekea magharibi. Sikumjibu mtoto papo hapo. Nilimwambia aingie garini, jibu liko mbele.

Kibondo ni nchi ya Muhambwe, mojawapo ya falme za Waha, pamoja na Buyungu kwa upande wa Kakonko, na Heru, Bushingo, Luguru na Bujiji kwa kusini. Niliwaeleza wajukuu kwamba hata majina haya yana somo la sarufi. Mwenyeji husema Buha na Bujiji. Kiswahili kilipofika kiliondoa *bu-* kikaweka *u-*, tukapata Uha na Ujiji, kama vile Buganda ilivyozaa Uganda. Mdogo mtu akauliza kama ni Kiswahili kilichokosea. Nikamwambia lugha haikosei inapokaribisha jina la mgeni. Humvika nguo za nyumbani.

Kambi ya Nduta iko katika wilaya hii. Mwaka 2015 ilifunguliwa tena kuwapokea watu waliokimbia machafuko ya Burundi. Wazee wetu waliwasikia wageni wale wakizungumza Kirundi, wakawajibu kwa Kiha, na mazungumzo yakaendelea bila mkalimani. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulikata nchi. Ulimi haukusikia kisu. Ningekuwa na uwezo, hapo ndipo ningesimika kibao cha kwanza, nacho kingekuwa na sentensi moja tu: lugha hizi mbili hazijawahi kuhitaji pasipoti.

Kutoka Kibondo kwenda Kasulu barabara hupanda na kushuka katika miyombo. Lami inaendelea kumeza vumbi lile jekundu lililotupaka sisi wa zamani mpaka kope. Juu ya miti imening'inia mizinga ya nyuki, na penye uwazi kuna mashamba ya mahindi, maharage na mihogo. Tulisimama darajani kutazama Mto Malagarasi. Sijui mto mwingine wenye tabia ya kishairi kuliko huu. Huzaliwa katika milima ya mpakani mwa Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kuteremkia ziwani hulipa ziwa kisogo. Huelekea kaskazini, hujipinda mashariki, hupotelea katika vinamasi vya Moyowosi, ndipo huelekea magharibi na kulimwagia ziwa lile lile maji yake. Dereva wangu alisema kwa sauti ya chini, "Kama watu wetu, Mwalimu. Wanazunguka kwanza." Nikanyamaza, maana alikuwa amenitangulia.

Mbele kidogo niliwaonyesha watoto migomba michache na mwembe uliosimama peke yake porini. Hapo palikuwa na kaya. Kiswahili kina neno zuri na la huzuni kwa mahali kama hapo: mahame. Waha waliishi kwa kutawanyika, kila mji na shamba lake, hadi operesheni ya mwaka 1972 ilipowakusanya katika vijiji. Wako waliopata shule na zahanati kwa sababu hiyo, na wako walioacha makaburi ya wazazi wao nyuma. Mwembe hauna upande katika ubishi huo. Huzaa kila mwaka, na wapita njia hula.

Makere ni jirani na kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Tulipofika tulikunywa chai, na masikio yangu yakapata karamu. Kando yetu walikaa akina mama waliokuwa wakizungumza Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, ambamo watoto ni *batoto* na watu ni *batu*. Wajukuu wangu walitazamana wakazuia kicheko. Ilinibidi nifundishe palepale. Kiswahili hicho si kibovu. Kilivuka ziwa katika karne ya kumi na tisa, pamoja na misafara iliyotoka pwani ikapitia Ujiji, kikaota mizizi Manyema na Kivu, kikazaa wajukuu wenye lafudhi yao. Zaidi ya miaka mia moja baadaye vita vimewarudisha wajukuu hao upande huu wa maji, wamebeba lugha waliyoichukua kwetu. Mtu akikurudishia jembe alilokuazima babu yako, huchekei mpini mpya alioutia.

Kasulu ilitupokea kwa baridi yake ya milimani. Asubuhi tulipanda kuelekea Heru Juu, iliyokuwa nchi ya watawala wa Heru. Huko niliwasimulia watoto juu ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru katika zama za Mwingereza. Mjukuu wangu wa kike alisimamisha kutafuna muwa. "Mwanamke? Hapa?" Ndiyo, hapa, juu ya milima hii, wakati ambapo vitabu vingi vilikuwa vikimchora mwanamke wa Kiafrika akiwa na mtungi kichwani tu. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na sioni haja ya kuulilia. Lakini kufuta cheo ni jambo moja, kufuta kumbukumbu ni jambo jingine. Mtoto aliandika jina hilo katika simu yake, akaniuliza tahajia. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupokea kiinua mgongo.

Kutoka Kasulu nchi huteremka kuelekea ziwani. Hewa hunenepa, na michikichi huanza kusimama kando ya njia. Mawese hunukia kabla hujayaona. Ujiji ilitukaribisha kwa miembe yake na kwa Kiswahili chake cha taratibu, kilichokaa hapo tangu zama za misafara.

Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Kuna mnara, kuna makumbusho, na kuna sanamu za wazungu wawili wakivuliana kofia. Kwa mara ya kwanza katika safari yetu historia ilikuwa na kibao. Watoto walipiga picha. Mimi niliwaomba wageuke watazame njia tuliyoijia, kwa maana njia hiyo ndiyo ukumbusho mkubwa zaidi. Ni njia ya zaidi ya kilomita elfu moja hadi Bagamoyo, iliyopitiwa na pembe za ndovu na na watu waliofungwa minyororo. Niliwatajia Chuma na Susi, waliokuwa miongoni mwa wale walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Niliwaambia pia kwamba Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na kwamba mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Kusafiri na kuandika ulichokiona ni desturi ya zamani katika lugha yetu, wala hatukuiazima kwa Stanley.

Kituo cha mwisho kilikuwa stesheni ya Kigoma. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, ilifika hapa mwaka 1914, na jengo lao bado limesimama kwa heshima zake. Niliwaketisha watoto kivulini nikawapa jibu nililowaahidi Kibondo.

Baba yangu alikuwa manamba. Katika miaka ya 1950 alitembea kwa miguu kutoka kijijini kwetu hadi Kasulu, akapakiwa lori hadi Kigoma, na kutoka jukwaa hili akapanda garimoshi kwenda kukata mkonge Kilosa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeiacha Uha bila zao la maana la biashara, na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Kijana aliyetaka fedha alijikuta mbele ya SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoandikisha vibarua. Huko shambani alipewa namba, na namba ndiyo iliyolizaa neno manamba. Alipewa pia kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi. Siku haikuhesabiwa mpaka kazi iliyopimwa iwe imekwisha.

Ninyi washairi mtaniwia radhi nikisimama hapo. Namba, kipande, SILABU. Sisi tunahesabu mizani, tunaugawa mshororo katika vipande, ukwapi na utao, na tunazipima silabi. Maneno yanayotupa raha ya utunzi yaligongana, katika maisha ya baba yangu, na jasho lake. Sidai kwamba asili yake ni moja. Nasema tu kwamba kila nilipomfundisha mwanafunzi kuhesabu mizani kwa vidole, nilikuwa naviona vidole vya baba, vyenye makovu ya miiba.

Baba alizungumza Kiha, alisali kwa Kiha, aliwagombeza mbuzi kwa Kiha. Lakini alihesabu kwa Kiswahili. Maharage, siku, fedha, watoto waliozaliwa na waliofariki, vyote alivihesabu kwa lugha aliyoipata mkongeni, miongoni mwa Wabena, Wanyamwezi na Wamakonde waliokuwa manamba kama yeye. Mimi nilianza kukijua Kiswahili kupitia hesabu zile, kabla ya shule, kabla ya kitabu chochote. Mwalimu wa Kiswahili mnayemsoma hapa hakutokea chuo cha ualimu peke yake. Alitokea katika garimoshi hili.

Mjukuu wangu alikaa kimya muda mrefu, akitazama reli zinavyoelekea mashariki. Kisha akasema, "Kwa hiyo, Babu, kwake yeye hapa haukuwa mwisho." Nikamwambia, "Umeona."

Kwa maelfu ya Waha waliotoka Kibondo na Kasulu, Kigoma ilikuwa mwanzo wa reli. Hapo ndipo walipolisikia garimoshi kwa mara ya kwanza, hapo jina liliachwa na namba ikapokelewa, na hapo Kiswahili kilianza kuwa chao. Msemo wa mjini umekaa upande mmoja wa njia tu, na kazi ya mshairi ni kwenda kusimama upande wa pili na kusema kinachoonekana kutoka huko.

Nawaomba basi, wapenzi wa lugha, kila mmoja aandike kibao cha barabara yake. Hakihitaji chuma wala bajeti ya halmashauri. Ubeti mmoja unatosha. Mimi natanguliza viwili, kwa ajili ya stesheni ya Kigoma:

Wasema mwisho wa reli, safari hapa hukoma,
Hilo si neno la kweli, waulize walohama,
Kwa namba, si kwa asili, foleni wakasimama,
Hapa ni mwanzo wa reli, si mwisho ukitazama.

Baba kenda bila neno, karudi na Kiswahili,
Kakipata kwenye meno, ya mkonge, miba kali,
Mimi nala yake vuno, nafundisha pasi dhili,
Nauweka hapa wino, uwe kibao cha reli.