Majina Yaliyokosekana Kwenye Jiwe

Nakuandikia kutoka Emali, ambako jua limeshawaka na vumbi la soko la ng'ombe limefika hadi dirishani pangu. Tafadhali soma hadi mwisho. Leo sikuletei neno la kukufanya uruke. Nimekuja kutubu mbele yako, kisha tuombe pamoja.

Kama umekaa nasi miaka kadhaa, umenisikia nikihubiri juu ya simba wa Tsavo. Ni ujumbe nilioupenda. Simba ni adui, daraja ni hatima yako, na yule mtu mwenye bunduki ni wewe uliyejazwa Roho. Nikifika pale simba wa pili anapoanguka, kanisa lote huwa limesimama, na mpiga kinanda hahitaji kuambiwa afanye nini.

Kwa ambao hamjausikia, historia yenyewe ni hii. Mwaka 1891 na 1892, Kapteni James Macdonald, mhandisi wa jeshi la Uingereza, aliongoza kikosi kilichopima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Ujenzi ulianza mwaka 1896. Machi 1898 akaletwa John Henry Patterson, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa ametumika jeshini kule India, ambaye baadaye alijulikana kama Luteni Kanali Patterson. Kazi yake ilikuwa kujenga daraja la kudumu juu ya mto Tsavo, nguzo za mawe na vyuma juu yake.

Wafanyakazi wengi walitoka India, na Waafrika walikuwamo pia. Walilala kwenye mahema. Wakatokea simba wawili madume wasio na manyoya shingoni. Usiku waliingia kambini, wakamvuta mtu kutoka hemani, na wenzake wakabaki gizani wakisikiliza. Wakajenga maboma ya miiba, wakawasha moto, wakagonga makopo usiku kucha. Simba walipita. Desemba mwaka huo wafanyakazi walichoka. Mamia yao walilala juu ya reli kusimamisha treni, wakaipanda na kukimbia, na kazi ikasimama karibu wiki tatu. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, na wa pili tarehe 29. Februari 1899 daraja likakamilika. Reli ikaendelea, ikapita Makindu, ikapita hapa kwetu, na mwaka huo huo ikafika Nairobi.

Hapo ndipo nilikuwa nikipaza sauti: "Daraja lako litakamilika!" Nanyi mnaitikia amina.

Mwezi wa nne mwaka huu niliuhubiri tena. Ibada ilipokwisha, nikasimama mlangoni kusalimu watu kama kawaida. Akaja mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa benchi la nyuma kabisa. Anachechemea. Nikampa mkono, nikamwuliza kama ni mgeni kwetu.

Akasema, "Pasta, nina swali. Hao vibarua walioliwa na simba, walikuwa wanaitwa nani?"

Nikacheka kidogo. Nikamwambia ni mambo ya zamani sana, lakini nitaangalia.

Akatikisa kichwa. Kisha akatazama ule ukuta wa kushoto, juu, karibu na dirisha la tatu. Akasema, "Mimi si mgeni. Mimi ndiye nilianguka hapo."

Mpendwa, miguu yangu iliishiwa nguvu. Nikamkumbuka, na sikulikumbuka jina lake. Wakati tukijenga hili kanisa alikuwa kijana wa kuleta maji kwa mkokoteni, na siku ambazo fundi alikuwa na haraka alipanda juu na karai la mawe. Sote tulimwita Kijana wa Maji. Siku moja mbao za kupandia zilivunjika, naye akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti. Tulimpeleka hospitali. Tulikusanya sadaka, tukalipa malipo ya kwanza. Nilimtembelea mara mbili, nikamwekea mikono, nikamtabiria kwamba atasimama. Halafu mjengo ukaendelea. Mabati yalikuwa yamefika, na mgeni wa heshima alikuwa ameshapewa tarehe.

Yeye hakuniambia haya kwa uchungu. Aliniambia kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Malipo mengine yalilipwa na mama yake, aliyeuza ng'ombe wake hapa hapa soko la Emali. Mguu uliungana vibaya, kazi ya mjengo ikamshinda, na siku hizi anashona viatu karibu na steji. Nimepita mbele yake sijui mara ngapi. Nimewahi hata kumpa kiatu.

Kando ya mlango wa kanisa letu kuna lile jiwe jeusi linalong'aa. Unalijua, umepiga picha mbele yake. Jina la kwanza pale juu ni langu. Chini yangu ni mgeni wa heshima, kisha kamati ya ujenzi, kisha waliotoa zaidi kwenye harambee. Yule ndugu alilisoma polepole mstari kwa mstari, akavaa kofia yake, akaenda.

Jumatatu nilitafuta daftari la mjengo. Nilitaka angalau nijitetee kwamba majina yapo, hata kama si kwenye jiwe. Mweka hazina wetu wa wakati huo alikuwa mtu makini. Simiti, mifuko 40. Kokoto, lori 2. Misumari, kilo 12. Kila shilingi ina risiti. Na kila Jumamosi, mstari wa mwisho: Vibarua, 6. Vibarua, 8. Vibarua, 5. Tulijua misumari kwa kilo, na watu kwa idadi.

Wiki hiyo nilikuwa na mkutano wa wachungaji Mombasa, nikapanda treni hapa Emali. Baada ya Mtito Andei niliweka simu chini. Treni ilipovuka mto Tsavo, mama aliyekaa karibu nami alimwonyesha mjukuu wake, "Hapa ndipo penye simba." Mtoto akasimama dirishani kuwatafuta. Nami nikakumbuka swali la benchi la nyuma. Usiku huo Mombasa sikulala. Nilisoma.

Nilichokisoma ni hiki. Patterson alitoa kitabu chake mwaka 1907. Anahesabu Wahindi 28 waliouawa na simba wale. Kuhusu Waafrika, anasema tu kwamba walikuwa wengi na hakuna orodha rasmi iliyowekwa. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba wote pamoja walikuwa 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba wale wakakadiria watu kama 35. Sasa fikiri, mpendwa. Ili kujua ni wanadamu wangapi walikufa, ilibidi waulizwe simba.

Na simba wenyewe wapo. Kwa miaka mingi ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwa Patterson. Mwaka 1924 aliziuza kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago kule Marekani. Zikajazwa, zikasimamishwa, na hadi leo watu hupanga foleni kuzitazama. Walioliwa hawana foleni.

Simsemi Patterson kama mtu mbaya. Alikesha juu ya miti usiku mwingi akiwawinda, na angeweza kufa. Hata jina moja la mtu wake alilihifadhi: Ungan Singh, msimamizi wa Kisikh aliyevutwa kutoka hemani. Na ukitoka hapa kwenda Nairobi, ukipita Sultan Hamud, kuna kituo kinaitwa Kima. Mwaka 1900 simba aliingia kwenye behewa pale akamuua afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall. Kaburi lake liko Nairobi, lina jiwe, na jiwe lina jina lake na habari ya simba. Ni haki yake. Sisemi jiwe lake liondolewe. Nauliza tu yale mengine yako wapi. Kwenye reli nzima waliletwa Wahindi karibu 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa magonjwa na ajali. Hao angalau walikuwa na mikataba, ndiyo maana walihesabiwa. Watu wa nchi hii waliobeba mizigo na kufyeka vichaka hawakuhesabiwa hivyo.

Na miaka hiyo ilikuwa ya njaa. Susu yangu aliisikia kwa mama yake: Ngomanisye, njaa iliyoenea Ukambani kote. Kama kuna mtu wa kwetu aliyekwenda relini kutafuta chakula na hakurudi, hakuna karatasi ya kutuambia.

Na mimi nimehubiri habari hii miaka yote bila kuwalilia hata mara moja. Nilihitaji simba, nilihitaji daraja, nilihitaji shujaa. Waliokufa nilikuwa nikiwapita haraka ili nifike kwenye amina. Bwana, nisamehe.

Sasa fungua Nehemia sura ya 3. Najua ni sura ambayo huwa unairuka. Mimi pia niliiruka, kwa sababu ni majina, majina, majina. Lakini tazama. Nehemia alikuwa na mjengo wa haraka kuliko wetu, na maadui nje ya ukuta kuliko simba wawili. Bado alipata muda wa kuandika nani alijenga wapi. Mstari wa 8 una mfua dhahabu na mtengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Mstari wa 12 una Shalumu pamoja na binti zake. Na mstari wa 5 unasema kwamba wakuu wa Tekoa hawakuinama kufanya kazi. Mbinguni haliandikwi jina la mgeni wa heshima peke yake. Roho Mtakatifu aliona vema sura nzima ya Biblia iwe daftari la mjengo.

Nikirudi kutoka Mombasa nilikwenda steji. Nilikaa kwenye kile kiti kidogo cha wateja, nikamwomba msamaha. Nikamwuliza jina lake, yote matatu, nikaliandika. Nilimwomba ruhusa ya kulisema kanisani. Akasita, akasema, "Pasta, usinifanye mahubiri." Basi hapa sitalitaja. Ruhusa ya kusimulia amenipa, ya jina hajanipa.

Baada ya hapo niliita wazee. Sitakuficha, kikao kilikuwa kigumu. Mzee mmoja ninayemheshimu aliuliza, "Tukianza kuandika vibarua, jiwe litatosha? Si walilipwa?" Ni kweli, walilipwa ujira wa siku. Lakini Yakobo 5:4 unatuambia kwamba kilio cha wavunaji kinaweza kufika masikioni mwa Bwana wa majeshi kabla ya sifa zetu. Kulipa ujira wa siku na kusahau mguu uliovunjika si kumaliza deni. Tulikubaliana mambo mawili. Sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi itamlipa mama yake yule ng'ombe. Tafadhali tusiite hiyo hisani. Ni deni lililochelewa. Na tutatafuta majina yote.

Tumepata 14. Fundi mkuu alikumbuka tisa, wengine tumewafuata kwa simu hadi Wote na Machakos. Wawili tunawajua kwa majina ya utani tu. Mmoja alishafariki, na mke wake ndiye aliyetuambia jina lake, kisha akanyamaza kwa muda mrefu kwenye simu. Akauliza, "Ni kanisa gani hilo lilimkumbuka?" Nikaona aibu kujibu.

Wengine hatutawapata. Hilo ndilo linaloniuma na ndilo linalonipeleka magotini. Kuna yaliyopotea ambayo kamati haiwezi kuyarudisha, hapa Emali na pale Tsavo. Lakini Mungu anasema kwa Isaya 43:1 kwamba amekuita kwa jina lako, na Yesu katika Luka 12:7 anatuambia hata nywele zetu zimehesabiwa. Ikiwa nywele zina hesabu, mtu aliyevutwa gizani kutoka hemani hakupotea mbele zake. Kitabu chake hakina mstari ulioandikwa "Vibarua, 6".

Sasa ni zamu yako, mpendwa. Nani amekubebea mawe? Dada anayelea watoto wako ili uende kazini, unalijua jina la baba yake? Mlinzi wa plotini kwenu anaitwa nani, ukiacha "soja"? Yule wa bodaboda aliyekukimbiza hospitali usiku mama alipozidiwa? Wiki hii mwulize mtu mmoja jina lake kamili, uliandike, ulitaje katika maombi. Na kama kuna ng'ombe unayedaiwa, usimwombee mwenye ng'ombe tu. Mlipe.

Na kama wewe ndiye uliyesahaulika, umesoma hadi hapa na koo limekubana, nisikilize. Jiwe letu halikukuandika. Tulikosea. Bwana hakukosea.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kuhesabu misumari na kusahau watu. Tunakukabidhi wale wa Tsavo ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Mponye ndugu yetu, mguu na moyo. Tufundishe kuuliza kabla ya kuhubiri. Katika jina la Yesu, amina.

Kama ulifanya kazi kwenye mjengo wetu, au baba yako alifanya, niandikie faraghani. Nafasi kwenye jiwe tutaipata.