Uchungu na Kipimo Chake

Nikiwa mwanafunzi Uingereza, nilijifunza kupika bia kali nyumbani. Mara ya kwanza maua ya hopsi niliyatia yote mwanzoni, yakachemka saa nzima: uchungu ukazidi, harufu ikaenda na mvuke. Mara ya pili niliyagawa, machache mwanzoni, mengi dakika za mwisho, nikaongeza kimea ili utamu wake uuhimili uchungu.

Nilipika mlango ukiwa wazi, kwani huko leseni ya kupika bia ya matumizi ya nyumbani ilifutwa mwaka 1963. Ndipo nikamkumbuka mama, aliyenisomesha kwa busaa aliyoipika kwa kimea cha wimbi, usiku, akiwahofia askari. Kweli, yeye aliuza, mimi sikuuza. Lakini, ndugu msomaji, ada yangu ingetoka wapi?