Jinsi ya kutuma chipu za poka kwa posta (na kwa nini uzihesabu kwanza)

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na itakuja. Leo naomba mnivumilie nizungumzie jambo lisilo la programu: namna ya kufunga chipu za poka na kuzituma kwa posta zikafika salama. Usiondoke kwanza. Mwishowe utaona ni somo lile lile ambalo sisi watu wa tarakilishi hulihubiri kila siku, ila mimi nililisahau siku nilipolihitaji.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Ukiitisha chipsi hapa Nairobi utaletewa sahani ya viazi. Ukitaja chipu kazini kwetu watu watafikiri ni ile ya silikoni. Mimi nasema vile visahani vya duara, upana milimita 39 hivi na unene milimita 3 na kitu, ambavyo wachezaji wa poka huweka mezani badala ya pesa. Kwetu nyeupe ilikuwa 1, nyekundu 5, kijani 25 na nyeusi 100. Hakukuwa na kamari. Aliyeshindwa alinunua chai na maandazi Ijumaa iliyofuata, basi.

Mwenye chipu alikuwa rafiki yangu, programa mwenzangu. Alinunua seti ya 500. Sanduku lake la alumini lilibeba 300 tu, kwa hiyo zile 200 zilizobaki alizitia ndani ya mkebe mkubwa wa Kimbo. Kwa kuwa tulichezea kwangu, sanduku na mkebe vyote vilikaa kwangu.

Rafiki huyo alifariki baada ya kuugua muda mfupi. Sitaandika mengi juu ya hilo. Miezi kadhaa baada ya mazishi, dada yake mdogo anayeishi Kisumu alinipigia simu. Aliniambia kwamba yeye na kaka yake walijifunza poka wakiwa bado shuleni, wakitumia vizibo vya soda. Akauliza kwa upole kama angeweza kupata zile chipu zenyewe. Nikamwambia, "Dadangu, hizo ni zako. Nitazituma wiki hii."

Sasa kosa langu. Nilichukua lile sanduku la alumini jinsi lilivyokuwa, nikalizungushia selotepu, nikalifunika kwa karatasi ya kaki, nikaandika TAHADHARI, HUVUNJIKA kwa kalamu nyekundu, kisha nikalipeleka kwenye ofisi ya vifurushi ya kampuni moja ya mabasi. Kazi yote dakika 15. Mkebe wa Kimbo ulikuwa juu ya kabati na sikuukumbuka kabisa.

Lilipofika Kisumu, bawaba moja ilikuwa imeng'oka na kifuniko kimepinda. Sponji ya ndani ilikuwa imesagika. Chipu zilikuwa zimemwagika ndani ya karatasi, nyingi zimekwaruzika, na vibandiko vya katikati vimebanduka. Dada alizipanga upya katika mistari yake, mistari sita, kila mmoja chipu 50. Mstari wa sita ulipungua chipu 7.

Akaniuliza, "Kaka, ulizihesabu kabla ya kuzituma?"

Nilinyamaza. Sikuwa nimezihesabu.

Kwa aibu nikamwambia kwamba bila shaka watu wa basi wameziiba. Kesho yake nikaenda pale ofisini kupiga kelele. Mama mmoja wa kaunta alinisikiliza mpaka nikamaliza, akachukua risiti yangu, akaisoma. "Kijana wangu, uliandika zilikuwa ngapi?" Risiti ilisema: sanduku 1. Na sanduku 1 ndilo lililofika.

Hebu fikiria. Mimi ambaye siwezi kuhamisha jedwali kutoka seva moja hadi nyingine bila kuhesabu rekodi pande zote mbili! Itifaki ya TCP, iliyoandikwa katika RFC 793 mwaka 1981, haiamini njia hata kidogo. Hupanga data kwa namba za mfuatano na kuambatanisha hesabu ya ukaguzi, ili mpokeaji ajue mwenyewe kama kuna kilichopotea au kuharibika, na kinachokosekana kitumwe tena. Haiulizi njia ni nzuri au mbaya. Mimi nilituma mali ya marehemu kwa njia ya kubahatisha, halafu nikataka kumlaumu mtu.

Wiki mbili baadaye nilipokuwa natafuta taa ya dharura nikaukuta mkebe wa Kimbo. Safari hii niliamua kufanya kazi kama mtu mzima. Nilisoma wanavyofanya wakusanyaji wa chipu wa Marekani, ambao huuziana kwa posta kila siku. Shirika la posta la kwao lina boksi dogo la bei moja, ambalo ukilituma ndani ya nchi hulipii uzito mpaka pauni 70, yaani karibu kilo 32. Kimo chake kwa ndani ni inchi 1 na 5/8, kama milimita 41. Chipu ina milimita 39! Mabunda ya chipu hulala humo kana kwamba boksi lilishonwa kwa ajili yao: mistari mitatu, kila mmoja mabunda matatu ya chipu 20, jumla 180, na nafasi kidogo ya kujaza karatasi.

Hapo ndipo nilipoelewa siri yenyewe. Ulaini wa nje hausaidii kama vilivyo ndani vinacheza. Chipu moja ya aina yetu ina gramu 11.5, si kitu. Lakini 300 ni kilo 3 na gramu 450. Uzito huo ukiwa huru ndani ya sanduku, kila breki ya dereva na kila mtupo wa mpakizi huugeuza nyundo, nazo chipu hupigana zenyewe kwa zenyewe. Za plastiki kama zetu hukwaruzika. Zile za mchanganyiko wa udongo, za aina ya kasino, humeguka kingo, na ukingo uliomeguka haurudi. Lile sanduku zuri la alumini limetengenezwa kukaa kwenye rafu. Safari haliwezi.

Haya, hizi hapa hatua nilizofuata.

1. Pima na uhesabu. Niliweka chipu 20 kwenye mizani ya jikoni, nikapata gramu 230. Sawa. Kisha nikamimina zote za mkebe. Nilitarajia gramu 2,300. Mizani ikasema 2,380. Nikafikiri imeharibika. Nikapima tena: 2,380. Nikatoa gramu 2,300, zikabaki 80, nikagawanya kwa 11.5. Nadhani wewe umeshapata jibu. Nilikaa chini nikazihesabu moja moja. Zilikuwa 207.

Zile 7 hazikuwa zimetoka nyumbani kwangu hata siku moja. Nikakumbuka usiku wa mwisho alipocheza nasi. Stima ilipotea katikati ya mchezo, tukakusanya chipu kwa mwanga wa simu, kila mtu akitia anapoona. Mkono mmoja uliingia kwenye mkebe badala ya sanduku. Huenda ulikuwa wangu, huenda ulikuwa wake.

2. Funga mabunda ya 20. Ishirini ni desturi nzuri, kwani trei ya kawaida ya chipu 100 hubeba mafungu matano ya 20, kwa hiyo mpokeaji huhesabu haraka. Bunda moja lina urefu wa milimita 66 hivi. Lizungushie karatasi nyeupe mara mbili, kwa nguvu, kisha kunja ncha zake. Gazeti lisiguse chipu, wino wake huchafua. Selotepu ishike karatasi tu, isiguse chipu, gundi yake hung'oa vibandiko. Mimi nilipata mabunda 10, na bunda dogo la 7.

3. Namba kila bunda. Nikaandika 1/11, 2/11, mpaka 11/11, pamoja na idadi na rangi. Ndiyo, kama pakiti.

4. Tafuta boksi la ndani linalobana. Mabunda 10 yakipangwa matano kwa mawili, kwa tabaka moja, ni milimita 195 kwa 132, kimo 39. Ukubwa wa kitabu kinene. Lile la 7 nililitia pembeni. Kila pengo nikalijaza karatasi iliyofinyangwa. Kisha mtihani: tikisa karibu na sikio. Ukisikia hata mlio mmoja, fungua ujaze tena. Nilifungua mara tatu.

5. Boksi ndani ya katoni. Weka boksi la ndani katikati ya katoni ngumu ya ukuta mzima, na pande zote sita uache kama sentimita 5 za kujaza plastiki ya viputo au karatasi iliyokunjwa. Katoni iliyolainika kwa unyevu iache, kilo 2 na kitu zitaipasua pembeni.

6. Piga selotepu kama herufi H. Mstari mmoja katikati ya mwanya, na mmoja kila ukingo, juu na chini. Ile nyembamba ya dukani ya kufungia zawadi haifai, tafuta ile pana ya kahawia.

7. Andika anwani nje na ndani. Karatasi ya nje ikichanika, ya ndani itasema mzigo ni wa nani. Katika karatasi hiyo hiyo niliandika: chipu 207, mabunda 11, gramu 2,380. Nikaipiga picha na kumtumia dada kabla kifurushi hakijaondoka. Hiyo ndiyo hesabu yetu ya ukaguzi.

Kama unatuma nje ya nchi, kuna fomu ya forodha, CN 22 au CN 23 kulingana na huduma na thamani. Andika ukweli ulio wazi: vipande vya mchezo wa mezani, vya plastiki, idadi kadhaa, thamani kadhaa. Neno "chipu" peke yake litamfanya afisa afikirie chakula au vifaa vya elektroniki. Na kumbuka kuwa kipakiti cha barua huishia kilo 2. Chipu 200 kama zetu zimeshavuka hapo, hivyo huhesabiwa kuwa kifurushi.

Kabla kifurushi hakijafika Kisumu nilimpigia dada nikamweleza kuhusu mkebe. Nilimwambia nilimsingizia mtu, na kwamba zile 7 nilikuwa nazo mimi. Alicheka, kisha akakaa kimya kidogo, akasema, "Sawa, kaka. Heri zilipotelea kwenu."

Alichukua kifurushi posta, akakipima nyumbani, akahesabu, akanitumia ujumbe wenye herufi na tarakimu chache tu: 207 OK. Nimewahi kupokea majibu mengi ya seva maishani mwangu, lakini sijawahi kufurahia moja namna hiyo.

Yule mama wa kaunta pia nilimrudia. Sikutaka kwenda, kusema kweli. Nilimweleza zilipatikana wapi. Hakunikaripia. Alisema kila wiki huja mtu akidai kitu kimepungua, na wengi hawajui kilikuwa kingapi. Akanipa ushauri wa bure ambao nawaachia na ninyi: "Ukifunga mzigo, andika kilichomo. Si kwa ajili yetu. Ni kwa ajili yako."

Haya, wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata, na nadhani nitaanza na kuhesabu rekodi. Mbaki salama.