Usiniulize Nilizaliwa Lini, Niulize Nilitazama TV kwa Nani

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu hii mambo ya "Gen Z wa kweli". Mwezi uliopita kampuni fulani ilinitafuta nitengeneze video ya kuwauzia vijana bando za data. Nikaitengeneza kwa mtindo wa DJ wa movie: picha zinaenda, mimi natafsiri juu yake, naingiza utani, stering anakimbia kutafuta bando kabla adui hajafika. Jibu likarudi kwamba imewachekesha ofisi nzima, lakini haina ladha ya Gen Z. Ati inafaa watu wazima wa mtaani. Mimi nimezaliwa 1999! Kazi ikapewa mwingine, na sina kinyongo naye, hata yeye ana rent ya kulipa. Swali langu ni moja tu: hiyo ladha ilipimwa wapi, na nani alikuwa ameshika mizani?

Tuanze na hesabu yenyewe. Ile miaka watu hutaja, 1997 hadi 2012, imewekwa na Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani. Mileniali ni 1981 hadi 1996, Gen X ni 1965 hadi 1980. Na sababu moja ya kuchora mstari pale 1996 ni kwamba waliozaliwa kabla ya hapo walikuwa wakubwa kiasi cha kukumbuka mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Ni sawa kabisa, kwa Mmarekani. Lakini sasa chukua hiyo rula uilete Kitale, kwa nyumba yetu, uone inavyopinda.

Mathe alizaliwa 1978. Mimi 1999. Ndugu yangu mdogo 2012. Kwa hiyo rula, mimi na huyu kijana ni kizazi kimoja, na mathe ako mbali huko na watu wa Gen X. Haya, mathe alifanya KCPE, mimi nikafanya KCPE. Ndugu yangu ako CBC, na KCPE ya mwisho ilifanywa 2023 bila yeye kuionja. Mathe akitaja Wilbroda, mimi nacheka kabla hajamaliza sentensi. Ndugu yangu anauliza, "Wilbroda ni nani?"

Unajua kwa nini? Kwa sababu nyumbani tulikuwa na TV moja na rimoti haikuwa yangu. Taarifa ya Kiswahili saa moja, taarifa ya Kiingereza saa tatu, na katikati hapo ndipo maisha yalikuwa. *Papa Shirandula*, *Tahidi High*, *Mother-in-Law*, *Machachari*, halafu zile soap za Mexico ambazo midomo ilikuwa inaenda kivyake na sauti kivyake. Hakukuwa na kipindi changu na kipindi cha shosho. Kilichokuja, tulikitazama sote, na majirani wawili watatu wasio na TV wakiwa wamekaa kwa mkeka.

Fikiria hiyo hadithi ya Papa Shirandula. Ni mlinzi, soja, anayemficha mkewe kazi anayofanya, ili mke aamini ameolewa na mtu wa ofisi. Sisi watoto tulicheka vile alivyokuwa anakaribia kushikwa. Wazazi walicheka kitu kingine, kwa sababu ploti yetu ilikuwa na masoja wa kweli, na kila mtu alijua mwanaume anayetoka nyumbani na shati safi ili watoto wasimwone na yunifomu. Kicheko kimoja, sababu mbili, chumba kimoja. Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, katikati ya corona, nyumbani kwetu tulinyamaza kama tumefiwa na mjomba. Mathe alinyamaza, mimi nikanyamaza. Ndugu yangu, miaka minane, alikuwa anatuangalia tu.

Kwa hivyo mtu akiniambia ladha yangu ni ya wazazi, namwambia ndiyo, na ni ya shosho pia. Hatukuwa na vyumba vya kutosha kila mtu awe na ladha yake.

Tukitoka kwa TV, twende kwa PS. Hapa ndipo hizo rula za Pew zinavunjika kabisa. Kuna vijana wa umri wangu Nairobi waliokuwa na PlayStation sebuleni. Wanaweza kukuhadithia *God of War* mwanzo hadi mwisho, nani alimuua nani na kwa nini. Mimi siwezi, na si kwamba sikuishika PS2. Niliishika sana, lakini kwa kibanda cha mabati, shilingi tano mechi moja, na sheria ilikuwa anayefungwa ndiye analipa na anatoka.

Hebu tazama hiyo sheria inafanya nini kwa mtoto. Kwanza, hadithi haina nafasi. Nani atakuacha ukae masaa manne ukitafuta ufunguo kwa pango na kuna foleni ya watu kumi? Game ilikuwa lazima iishe haraka na iwe na mshindi: *Winning Eleven*, *Tekken*, *Mortal Kombat*. Pili, kadi ya memori. Ile ya PS2 ilikuwa ya megabaiti 8, na pale kwa kibanda ilikuwa moja, ya kila mtu. Ukihifadhi safari yako leo, kesho mtu ameifuta ahifadhi yake. Unajifunza mapema kwamba cha leo ukifurahie leo.

Ndiyo maana *GTA San Andreas* ya 2004, game yenye hadithi ndefu ajabu kuhusu CJ na familia yake, mtaani kwetu hakuna aliyejua hadithi inaishaje. Misheni tuliwachia wenye masaa. Sisi tulikuwa na msimbo umeandikwa nyuma ya daftari la hisabati: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, halafu tena kushoto, chini, kulia, juu. Pesa na afya zinaingia, unachukua gari, unatumia dakika zako kumi vizuri, unaondoka. Na kwa mpira, asiyejua kucheza alichagua Inter Milan, anampa Adriano, anapiga kutoka mbali. Aliyejua alikataza Adriano kabla mechi haijaanza.

Hata leo nikiwa na simu nzuri na laptop, mtu akinipendekezea game ya masaa 60, mwili unakataa. Nataka mechi ya dakika kumi na mtu wa kunitukana pembeni. Wengine wanaita hiyo ukosefu wa ladha. Mimi nasema ladha yangu ilitengenezwa na foleni.

Na ule mtindo wa DJ niliokataziwa ulitoka kibanda cha pili, cha movie. DJ Afro alichukua filamu za Wachina, za Wahindi na za Hollywood, akaziwekea sauti yake kwa Kiswahili cha mtaa. Watu wengi hudhani tulimtazama kwa sababu hatukujua Kiingereza. Wengine hawakujua, ni kweli, na hakuna aibu hapo. Lakini hata waliojua walikuja, kwa sababu aliwapa wahusika tabia za watu tunaowajua. Jambazi wa Hong Kong anakuwa yule landlord wa mwisho wa mwezi. Na kila mtu chumbani alijua katiba: stering hafi. Akipigwa risasi saba, tulia, hafi. Nilijifunza kuhadithia kabla sijajua kuna kazi inaitwa kuhadithia. Na huu si mtindo wa kuonewa haya. Kwenye *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, filamu ya 2018 kuhusu Jo, mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa, kuna Mike, jamaa anayeonyesha movie kijijini kwa mtindo huo huo. Filamu hiyo ilifika tamasha la Berlin. Imefika Berlin lakini haijafika ofisi zingine za Nairobi.

Sasa nisije nikaifanya kama mtaa wetu wote ulikuwa kibandani. Binamu yangu wa kike tumepishana miezi mitano tu, na hakuna siku aliingia pale. Si kwamba hakutaka, angechapwa. Rika yake ni ya blada na kati jioni, soap usiku, na songbook: daftari la maneno ya nyimbo, kalamu za rangi, picha zimekatwa kutoka *Pulse* ya Ijumaa zikabandikwa na ugali. Mwaka mmoja, mtaa mmoja, utoto mbili tofauti. Hiyo nayo Pew haiwezi kukuonyesha.

Na ndugu yangu? Shule zilipofungwa Machi 2020, mwezi huo huo Akili Kids ikaingia hewani, stesheni nzima ya watoto, bure. Mimi nilikua nikisubiri nusu saa ya katuni kama mtu anasubiri matatu ya mwisho. Yeye alizipata asubuhi hadi jioni. Sasa ako na simu ya mathe na *Free Fire*, earphone masikioni, anacheka peke yake. Nilikuwa namhurumia, hadi siku moja nikachomoa earphone moja nikasikiza. Kumbe ako na watoto wanne upande ule, mmoja Webuye, mwingine hata hajui ako wapi, wanapigiana kelele kama sisi kwa kibanda. Tofauti ni kwamba sisi tuliokuwa chumbani hatuwasikii. Mathe hawezi kucheka naye kwa sababu tofauti, hajui hata kichekesho ni kipi. Hapo ndipo naona kitu kimepotea, na ni kitu cha nyumba nzima, si cha kijana.

Wazee wetu walikuwa na neno zuri kuliko "generation": rika. Kwa Wakikuyu, rika ilipewa jina la kitu kilichotokea mwaka wa kutahiriwa, njaa, ugonjwa, au kitu kipya kilichoingia nchini. Hukuulizwa umezaliwa lini, uliulizwa mliona nini pamoja. Na ukiangalia vizuri, sisi tumeifanya "Gen Z" hivyo hivyo. Hadi Juni 2024 lilikuwa jina la mabango ya matangazo. Baada ya Mswada wa Fedha na ile Jumanne ya tarehe 25, likawa jina la tukio. Mtu wa miaka 38 aliyekuwa barabarani alijiita Gen Z na hakuna aliyemuomba kitambulisho. Halafu Wakenya, kwa mdomo wao mtamu, wakaligeuza kuwa "Gen Zote". Hakuna mtafiti aliyetupa hilo.

Kwa hivyo wenye kuandika hizo brifu zenu, msinitumie tena orodha ya katuni za DStv mkidhani ni utoto wa taifa. Ni utoto wa waliokuwa na dishi, na ni halali yao. Lakini kuna mamilioni ya vijana wanaonunua hizo bando za shilingi ishirini waliokua kwa mkeka wa jirani, na wakisikia sauti ya DJ juu ya picha wanageuka kuangalia. Ukiwaacha nje kwa jina la ujana, umechagua pesa za wazazi wao, si umri wao.

Na wewe unayesoma, mwaka wako kaa nao. Niambie hii: TV ilikuwa kwa nani, rimoti ilishikwa na nani, na ni nani alikuwa anakufukuza taarifa ikianza?